Benchi la Nyuma

Mutuini,
Jumanne, 17 Mei 2005

Mdogo wangu Ivyne,

Nimempa Waweru barua hii aifiche chini ya kifuniko cha mkebe wa maziwa anayoleta shuleni kwenu, kwa hiyo ikinuka usinilaumu. Isome ukiwa peke yako, kisha uichane. Najua wewe huchani karatasi yoyote iliyoandikwa. Hii ichane.

Jumamosi nilikamatwa mjini. Niliiba.

Nimeliandika neno lenyewe kwa sababu hapa nyumbani kila mtu analizunguka. Baba anasema "lile jambo". Wazee wa kanisa wanasema "mtihani uliompata dada yetu".

Nilikwenda supamaketi kununua sabuni na soksi za Baba. Kwenye rafu ya mwisho kulikuwa na rangi za kucha, vichupa vidogo vimepangwa kama askari. Nikachukua kimoja, rangi ya damu ya mzee. Unajua Jumapili nikisimama mbele kumfasiria Mama Syokimau mahubiri kwa ishara, yeye na binti yake hawanitazami uso. Hutazama mikono. Nikafikiria Septemba nikianza kufundisha, darasa zima la watoto viziwi likitazama hivi vidole vyangu vilivyochunika kwa sabuni ya kufulia. Nikataka viwe vizuri. Ni hivyo tu.

Pesa nilikuwa nazo, Ivyne. Hapo ndipo hata polisi hawakunielewa. Lakini kwa keshia alikuwa amekaa Rodah Nafula wa kwaya, na unakumbuka Baba alivyosimama mwaka jana akahubiri juu ya kucha za rangi. Rodah angemaliza kulisambaza jambo hilo kabla sijafika nyumbani. Nikatia kichupa mfukoni mwa sweta, nikalipia sabuni na soksi. Rodah akauliza, "Ni hayo tu, sista?" Nikamwambia, "Ni hayo tu."

Mlangoni soja akaniambia, "Madam, hebu rudi kidogo."

Baba alikuja kituoni jioni na aproni yake ya kazi, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Akatoa dhamana. Tulipofika nyumbani alisema, "Alhamisi, tarehe ishirini na sita, utasimama mbele ya hakimu useme ukweli. Mtu akikiri huadhibiwa, akishaadhibiwa yamekwisha." Jumapili wazee walikaa, wakaniweka benchi la nyuma wiki kumi na mbili. Sitafasiri mpaka nirudishwe.

Shule ya viziwi wanasubiri cheti changu cha tabia njema kutoka polisi mwisho wa Julai. Nafasi wameniwekea. Niombee.

Mama asijue. Huko Butere habari ikifika itakuwa imeota mikia saba.

Dada yako,
Milcah


Shuleni,
18 Mei 2005

Dada yangu Milcah,

Salamu. Sijaichana. Nimeishona ndani ya mto wangu, na sasa nikilala inaniambia mambo.

Sikufikirii vibaya. Nimejaribu, ili nione kama naweza, nikashindwa. Kila nikijaribu naona mikono yako ikisema "mchungaji mwema" na ile fimbo unayoichora hewani.

Kuhusu benchi la nyuma usihuzunike sana. Muchiri alikaa pale miezi sita kwa sababu ya pombe. Siku aliyoitwa mbele tuliimba mpaka mabati yakatetema, na wewe mwenyewe ulilia. Leo ndiye anayepiga kinanda, na hakuna anayekumbuka, isipokuwa mimi, na mimi nakumbuka kila kitu kwa sababu sina rafiki wa kuzungumza naye. (Ninaye mmoja, Tara. Tunakaa dawati moja, tunabadilishana vitabu.)

Baba huwa anasema kweli. Lakini kuna swali linanizunguka tangu jana, hata kwenye hesabu nimepata vibaya. Kanisani kuna siku ya kuitwa mbele. Je, kortini nako ipo?

Nitatafuta mtu wa kumuuliza. Unajua ninavyoogopa kuuliza. Nitauliza.

Ndugu yako,
Ivyne


Shuleni,
Jumapili, 22 Mei 2005

Milcah,

Leo ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Baba hakuja kwa kuwa ni Jumapili, na sikutarajia. Mama yake Tara alikuja kutoka Kileleshwa na chapati na dengu, akatandika kitambaa kwenye nyasi. Yeye ni wakili, ofisi yake iko mjini. Anaitwa Bi. Gurjit.

Nilikuwa nimejifunza swali langu kwa moyo kama shairi. Nilipofungua mdomo likapotea lote. Nikasema nina rafiki. Rafiki huyo alichukua kitu dukani mara moja tu maishani. Halafu nikaanza kulia juu ya chapati zao. Tara akasema, "Ai, Ivyne, na chumvi tulishatia." Mama yake akanipa leso, akasema, "Huyo rafiki yako ana bahati, ana mtu wa kumlilia. Sasa niambie: ameshasema chochote mbele ya hakimu?"

Nikasema bado, ni Alhamisi.

Milcah, soma hapa polepole. Anasema usikiri siku hiyo. Si kwamba udanganye. Uombe muda tu, useme unataka wakili, na hakimu atakupa. Yeye atakwenda dukani kuzungumza na meneja. Kitu kilirudi, hakikufunguliwa, na wewe hujawahi kushtakiwa. Anasema maduka mengi hukubali kuondoa kesi namna hiyo. Wakikataa, bado anaweza kumwomba hakimu akuachilie bila kukutia hatiani. Atafanya bure. Nilimuuliza mara mbili kama ni bure.

Lakini ukisema "ni kweli" bila mtu wa kukusemea, utatiwa hatiani, na hata adhabu ikiwa ndogo kama punje ya mtama, jina litaandikwa. Nikamuuliza, litakaa huko muda gani? Akanitazama, akafunga kontena la dengu. Akasema, "Mimi sijaona likitoka."

Na cheti cha tabia njema hutoka palepale palipoandikwa majina.

Nimekuandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi hii. Mpigie kwa simu ya Baba. Tafadhali. Usione haya. Haya ndiyo iliyokuingiza humu.

Ivyne


Mutuini,
Jumanne, 24 Mei 2005

Kwa binti yangu Ivyne,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi hatujambo. Ng'ombe wa Waweru amezaa.

Dada yako amenionyesha barua yako. Hakunificha, na kwa hilo namshukuru Mungu, maana msichana anayeanza kusema kweli hata akiogopa amekwisha kupona nusu.

Huyo mama amekuwa mwema kwako, umpe shukrani zangu. Lakini mwanangu, wakili ni wa mtu anayekana. Mtu aliyekosa akitafuta wa kumsemea, huyo anatafuta mlango wa uani. Mimi nimekuwa mzee wa kanisa tangu hujazaliwa. Nimewaona waliokataa makosa yao, na nimewaona waliokiri. Waliokiri wote wako nasi leo.

Serikali nayo imewekwa na Mungu. Siamini kwamba hakimu anaweza kuona mtoto amenyenyekea akamfungia mlango maisha yake yote. Nimemwambia Milcah achague mwenyewe, sikumlazimisha. Lakini nimemwambia pia kwamba nitakuwa nimesimama pale, na ningependa kusikia sauti yake ikisema kweli.

Soma kwa bidii. Usilie mbele ya wageni.

Baba yako,
Isaiah Were


Mutuini,
Alhamisi, 26 Mei 2005

Ivyne wangu,

Yamekwisha! Nakuandikia hata viatu sijavua.

Tulikuwa wengi kwenye lile benchi la washtakiwa. Mama mmoja aliyeuza mahindi barabarani, vijana wawili wa kesi ya wizi wa simu, na mimi. Walipoita jina langu nilidhani ni la mtu mwingine. Karani akasoma: kichupa cha rangi ya kucha, mali ya supamaketi. Aliposema bei, mtu akacheka huko nyuma. Akauliza, "Ni kweli au si kweli?"

Namba ya mama yake Tara nilikuwa nimeiandika kiganjani, kwa kalamu. Nataka ujue hivyo. Sikuidharau barua yako. Niligeuka nikamwona Baba amevaa suti yake ya ushirika mtakatifu, amesimama wima kama siku ya harusi, na midomo yake inatembea, anaomba. Nikasema, "Ni kweli."

Hakimu ni mama, ana miwani. Akaniuliza nina nini cha kusema kabla hajaamua. Nikasema, "Ni hayo tu." Akamwita afisa wa kuangalia tabia, tukazungumza naye kwenye ujia, mchana tukaitwa tena. Hakimu akasema mimi bado kijana, ni kosa la kwanza, na hataki kunipeleka jela. Nitafanya kazi za jamii kwenye kituo cha afya, kufagia na kufua mashuka, miezi miwili, asubuhi tu.

Baba akasema kwa sauti, "Asante Yesu!" Askari akamwambia, "Mzee, hapa si kanisani." Watu wakacheka, hata hakimu akatabasamu. Umeona walivyo watu wa kawaida?

Ulisema jina halitoki. Baba anasema kila kitu kikioshwa hutoka. Leo nataka kumwamini.

Nimekaa naitazama mikono yangu. Namba imefutika kwa jasho.

Milcah


Shuleni,
29 Mei 2005

Dada Milcah,

Nimeipata barua yako. Nafurahi umelala nyumbani.

Huku hakuna jipya. Mvua imeharibu uwanja wa netiboli. Maktaba imeletewa vitabu vya zamani kutoka shule moja ya Woodley, vingine vina majina ya wasichana waliosoma kabla hatujazaliwa, na nimepewa kazi ya kuvipanga. Maharagwe yana mawe. Tara anakusalimu.

Mwambie Baba nimempa yule mama shukrani zake.

Vaa glavu ukifua mashuka.

Ivyne


Mutuini,
Jumapili, 17 Julai 2005

Mdogo wangu,

Barua zako zimekuwa fupi tangu Mei. Mwanzoni nilidhani ni mitihani. Sasa najua ulikuwa unajua, ukakosa namna ya kuniambia mara ya pili. Sikulaumu. Uliniambia mara ya kwanza vizuri kabisa.

Mwisho wa Juni tulikwenda na Baba kuombea cheti. Walinipaka wino mweusi vidole vyote kumi, kimoja kimoja, wakavikandamiza kwenye karatasi. Tulipotoka nje nikamwonyesha Baba mikono. Nikamwambia, "Tazama Baba, hatimaye kucha zimepakwa." Hakucheka. Alitoa leso yake nyeupe ya Jumapili akaanza kunifuta, pale barabarani, watu wakipita. Ule wino hautoki kwa leso.

Jibu nililipata Jumatano. Cheti wametoa. Wameandika kosa, tarehe na korti. Baba akamuuliza yule afisa, kwa heshima kabisa, "Bwana, hili hukaa muda gani kabla ya kuondolewa?" Afisa hakuwa mtu mbaya. Akamwambia, "Mzee wangu, hili haliondolewi." Baba akasema, "Lakini alikiri." Afisa akamwambia, "Ndiyo. Ndiyo maana liko hapa."

Mimi mwenyewe nilimpelekea mwalimu mkuu wa shule ya viziwi cheti hicho, sikutaka akione kwenye bahasha bila mimi. Jana alinipigia. Alisema, "Milcah, mimi nakujua. Bodi haikujui." Wanaogopa wazazi. Nafasi wamempa mwingine, na wala lugha ya ishara huyo hajui, atajifunzia hapohapo. Nikamwambia asante. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Kazi ya kituo cha afya inaisha wiki ijayo. Manesi wanataka nibaki, nao pia walipouliza wakubwa wao wakaambiwa walete cheti changu.

Nikupe na jambo zuri, usije ukalia mbele ya wageni. Tangu Juni Mama Syokimau ameacha kukaa mbele. Anakuja na binti yake kukaa benchi la nyuma, wananigeuzia magoti. Nami nafasiri kidogokidogo, mikono ikiwa pajani, vidole tu vikitembea. Ni kama kunong'ona. Wazee wanaona. Mpaka leo hakuna aliyesema neno, hata Baba.

Baba halali vizuri. Ukimwandikia, mwandikie polepole.

Milcah


Shuleni,
19 Julai 2005

Kwa Baba,

Nimeandika barua hii mara nyingi. Zile nyingine zilikuwa na maneno ambayo sijawahi kukwambia maishani, kwa hiyo nimezichana, mimi nisiyechana karatasi.

Sibishani nawe kuhusu ukweli. Milcah aliiba, na alisema aliiba. Lakini wewe ulimpeleka kortini kama unampeleka mbele ya wazee. Wazee humtazama mtu Jumapili baada ya Jumapili mpaka wamwone amebadilika. Yule hakimu alimtazama asubuhi moja, na alimtazama kwa wema, halafu akaita jina lililofuata. Hakuna mtu huko ambaye kazi yake ni kumkumbuka Milcah na kumwita mbele. Nilikuuliza swali hilo kupitia kwake. Ulinijibu kwamba huamini. Baba, halikuwa jambo la kuamini. Lilikuwa jambo la kupiga simu.

Nisamehe kwa mstari huo. Nimeuacha kwa sababu ndio niliotaka kuandika.

Umekula? Milcah anasema huli.

Binti yako,
Ivyne


Mutuini,
Jumapili, 7 Agosti 2005

Kwa binti yangu Ivyne,

Nakusalimu. Mstari wako niliusoma, nikauacha siku nyingi, nikausoma tena. Haukuvuka mpaka.

Nilikwenda kwenye lile duka mjini. Meneja ni kijana, anaitwa Gichuru, alinipa kiti. Nikamweleza. Alikumbuka. Akasema, "Mzee, ungekuja Mei tungeandika barua, tukaiondoa. Kitu chenyewe tulikirudisha kwenye rafu siku ileile." Nikamuuliza kama anaweza kuandika sasa. Akasema sasa kesi si yao tena.

Nikaenda hadi kwa mama yake rafiki yako, ofisini kwake, ghorofa ya tatu. Sikujua nitamwambia nini. Alinipa chai. Nikamwambia nilikuwa nimetuma shukrani kupitia kwako, nikaona nizilete mwenyewe. Akasema mtu akishakiri mwenyewe, rufaa haigusi hatia, hugusa adhabu tu, na adhabu aliyopewa Milcah ni nyepesi, na muda wa kukata rufaa ulikwisha pita. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Leo Milcah alirudishwa. Mchungaji alimwita, watu wakaimba kama unavyojua. Alipita katikati akaenda mbele, Mama Syokimau na binti yake nyuma yake. Alipogeuka kuanza kufasiri aliinua mikono juu kabisa, jinsi alivyokuwa akifanya zamani, na nikaona yule mama anaegemea mbele kama mtu anayeota moto.

Mimi nilikuwa kwenye kiti cha wazee. Nilisimama, wakadhani naenda kumshika mkono. Nikatembea hadi nyuma, nikakaa.

Muchiri aliacha kinanda akaniangalia. Baada ya ibada wazee walikuja kuniuliza nimekosa nini, ili waandike miezi. Nikawaambia wasiandike. Siku ile karatasi ya serikali itakapomwita binti yangu mbele, nami waniite. Mmoja wao akasema, "Were, hiyo siku haipo." Nikamwambia najua.

Mabenchi yote ya kanisa lile nilitengeneza mimi, mwaka ule uliozaliwa. Lile la nyuma nililifanya mwisho, na mbao zilizobaki, sikulipiga randa vizuri upande wa chini. Miaka yote hiyo nimewapeleka watu pale, na mimi sijawahi kulikalia. Linayumba, Ivyne. Lina mguu mmoja mfupi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniambia.

Mama yako nimemwandikia. Nimemwambia kila kitu, na ya kwangu nikayatanguliza.

Baba yako,
Isaiah Were


Shuleni,
Jumanne, 9 Agosti 2005

Baba,

Shule inafungwa Ijumaa. Nitarudi na Waweru, nikae nyuma na mikebe.

Usilitengeneze lile benchi kabla sijafika. Jumapili, Milcah akiwa mbele, niwekee nafasi upande wa mguu mfupi. Nitaukandamiza.

Ivyne